Daktari Itard na mtoto wa msituni

Kila mara redio yetu inapotoa kipindi juu ya afya ya watoto, kuna swali moja ambalo halikosi kurudi. Mama anasema mtoto wake ana miaka mitano ao sita. Anatembea vizuri, anakula, anakimbia. Akisikia mfuko wa biskuti unafunguliwa nyuma ya nyumba anatokea mbio, kwa hiyo si kiziwi. Lakini ukimwita jina lake hageuki. Hasemi. Anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka saa sita akizungusha kifuniko cha bidoni, na ukimnyang'anya hicho kifuniko anapiga makelele na kujigonga kichwa ukutani mpaka majirani wanajaa uani. Na mara nyingi mama huyo haulizi mtoto afundishwe namna gani. Anauliza nani amemroga, ao ampeleke kwenye chumba gani cha maombi.

Wenye kusoma mambo hayo wanaita hali hiyo otisme. Jirani zetu wa Tanzania, ng'ambo ya ziwa, wanaiita usonji, na ndilo neno nitakalotumia hapa. Lieleweke kwamba si kila mtoto asiyesema ana usonji. Na lieleweke pia kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, hata kama mwenye kumshitaki ni baba yake mzazi ao mchungaji.

Sasa, kufundisha mtoto wa namna hiyo ni kazi ambayo mtu anaisomea, kama vile mkunga anavyosomea kazi yake. Kazi hiyo ina historia, na historia hiyo inaanzia kwa mtu mmoja Mfaransa aliyekufa zamani sana, daktari Jean Itard. Yeye mwenyewe hakujua neno otisme. Neno hilo lilipewa watoto mwaka wa 1943 na daktari Leo Kanner kule Marekani, miaka zaidi ya mia moja baada ya Itard kuzikwa. Lakini alichofanya Itard chumbani kwake Paris na mtoto mmoja asiyesema, ndicho waalimu wengi walisomea baadaye. Alifanya mazuri na alifanya mabaya, na nitaeleza yote mawili.

Jean Marc Gaspard Itard alizaliwa tarehe 24 Aprili 1774 huko Oraison, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa. Wazazi walitaka awe mtu wa biashara na benki. Ikaja Mapinduzi ya Ufaransa, ikaja vita, na vijana wakawa wanachukuliwa jeshini. Sisi watu wa Fizi hatuhitaji kuelezwa sana kijana anafikiri nini wakati kama huo. Itard akaingia kwenye hospitali ya kijeshi upande wa Toulon kama msaidizi wa wapasuaji, na hakuwa amesoma udaktari hata siku moja. Alijifunza kazini, akiwa kati ya majeruhi. Alipata bahati ya kuwa karibu na Larrey, mpasuaji aliyekuja kuwa mkubwa katika jeshi la Napoléon, na mwaka wa 1796 akafika Paris kwenye hospitali ya kijeshi ya Val-de-Grâce. Mwisho wa mwaka wa 1800 akapewa kazi ya udaktari kwenye shule ya viziwi ya Paris, iliyoongozwa na padri Sicard. Alikuwa na miaka 26.

Ni hapo alipokutana na yule mtoto.

Huko kusini mwa Ufaransa, kwenye misitu ya Lacaune, wakulima walikuwa wameona kwa miaka kadhaa mtoto anayeishi porini, uchi, peke yake. Walimkamata, akatoroka. Wakamkamata tena, akatoroka tena. Mwezi wa Januari 1800, wakati wa baridi kali, alitoka mwenyewe na kuingia kijiji cha Saint-Sernin, pengine akitafuta viazi. Alionekana kuwa na miaka kumi na moja ao kumi na mbili. Mwili wake ulijaa makovu, na shingoni kulikuwa kovu moja ambalo watu walifikiri ni la kisu. Hakusema neno. Hakutaka nguo. Aliweza kuingiza mkono kwenye maji yanayochemka na kutoa kiazi bila kulia.

Habari ilienea nchi nzima. Serikali ikaamuru aletwe Paris, akafika Agosti 1800. Watu wakamiminika kumwangalia, kama vile wanavyomiminika kwetu mnyama mkubwa akiuawa. Walitegemea kuona kitu cha ajabu. Wakaona mtoto mchafu anayejitikisa mbele na nyuma, anayeuma na kupara watu, asiyeangalia mtu usoni. Baada ya majuma machache wakachoka naye, akabaki anazurura kwenye bustani ya shule ya viziwi bila mtu wa kumtunza.

Mkubwa wa madaktari wa akili wakati huo aliitwa Philippe Pinel. Alikuwa mtu mwenye heshima na mwenye huruma, ndiye anayekumbukwa kwa kupigania wagonjwa wa akili wasifungwe minyororo. Pinel alimpima mtoto, akamlinganisha na watoto wengine aliokuwa nao hospitalini, na mwisho wa mwaka wa 1800 akatoa ripoti yake: mtoto huyu akili yake imepungukiwa tangu kuzaliwa, hakuna la kufanya. Itard, kijana asiye na jina, akakataa. Kwa maoni yake mtoto alikuwa hivyo sababu alikosa watu, na akiwekwa kati ya watu na kufundishwa atakuwa kama wengine.

Siku ya leo wengi wanafikiri kila mmoja aliona nusu. Uta Frith, mtaalam wa usonji wa London, kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1989 aliangalia tena yale yote yaliyoandikwa juu ya mtoto huyo na kuona alama za usonji. Hakushtuka bunduki ikipigwa karibu yake, lakini njugu ikipasuliwa nyuma yake aligeuka. Alitaka kila kitu kirudi mahali pake. Alijitikisa. Alishika mkono wa mtu kumpeleka kwenye kitu anachokitaka, badala ya kuonyesha kwa kidole. Labda porini hakuharibikiwa akili, labda alitupwa porini sababu alikuwa tofauti na wenzake. Wako wataalam wasiokubali. Lakini mzazi akinisomea orodha hiyo ya alama hapa Kilembwe, ningemwambia apeleke mtoto kwa daktari, asipite kwanza kwenye maombi.

Basi Itard akamchukua. Na hapa lazima nimtaje mtu wa pili, ambaye kwangu mimi ni mkubwa kama yeye. Shule ilimweka mtoto mikononi mwa mama mmoja, Madame Guérin, aliyekaa pamoja na bwana yake hapo hapo. Itard alikuja na masomo yake kwa saa fulani za siku. Mama huyo alikuwepo saa zote: kumwogesha, kumlisha, kumtembeza, kumtafuta akipotea, kusafisha kitanda. Itard mwenyewe, kwenye ripoti zake, hakuficha kwamba bila yeye kazi isingetembea.

Kitu cha kwanza walichofanya kinanishangaza mpaka leo. Hawakuanza na masomo. Walimwacha mtoto aishi namna anavyopenda: alale jua likizama, ale anachojua, akimbie bustanini, aangalie theluji na mwezi. Walianza pale alipo. Halafu polepole wakapunguza hayo na kuongeza mengine. Itard alimpa bafu za maji ya moto kila siku, saa nyingi, mpaka ngozi yake ikajua tofauti ya moto na baridi. Baada ya muda mtoto akaanza kuingiza kidole kwanza, na maji yakiwa baridi anakataa kuingia. Kumfundisha kuvaa, Itard hakumlazimisha kwa fimbo. Asubuhi alimwacha kwenye baridi, nguo ziko karibu na mkono wake. Siku chache zikapita, mtoto akavaa mwenyewe.

Jina pia lilipatikana hivyo. Waligundua mtoto anageuka akisikia sauti ya O. Wakatafuta jina lenye kuishia na sauti hiyo kwa matamshi ya Kifaransa, wakamwita Victor. Akawa anaitika.

Kwa michezo Itard alishindwa kwanza. Vitu vya kuchezea alivyomletea, Victor alivificha ao kuvichoma moto. Basi akatumia kitu ambacho Victor anakipenda, yaani chakula. Alipanga vikombe vichwa chini, chini ya kimoja akaweka njugu kubwa za kule zinazochomwa kama mahindi yetu. Kisha akavizungusha. Victor alifuata kikombe kwa macho na kukipata. Itard akaongeza vikombe. Baadaye akaweka kitu kisicholiwa, na Victor akaendelea kufuata, sababu sasa mchezo wenyewe ulimpendeza. Wanaofundisha watoto wenye usonji wanafanya hivyo hivyo leo: unaanza na kitu mtoto anachokipenda kweli, unampa mara moja akifaulu, kazi unaikata vipande vidogo, na zawadi ya chakula unaipunguza kidogo kidogo wakati mtoto anaanza kupenda kazi.

Kusoma alianza na uwezo ambao Victor alikuwa nao tayari: kupenda utaratibu. Itard alichora ukutani picha za vitu, ufunguo, mkasi, nyundo, na chini ya kila picha akatundika kitu chenyewe. Alipoviondoa vyote, Victor alivirudisha kila kimoja mahali pake bila kukosea. Halafu zikaja rangi, halafu maumbo, halafu herufi za kukata. Siku moja wakati wa kwenda kutembea, Victor alichukua mwenyewe herufi nne mfukoni. Walipofika kwa jirani mmoja ambaye kila siku alimpa maziwa, akazipanga mezani: l, a, i, t. Hakuna aliyemwambia azibebe.

Kusema kwa mdomo kulikuwa shida. Victor alipata kutamka lile neno lait, lakini alilitamka maziwa yakiwa yameisha kumiminwa mbele yake, kama furaha, hakulitumia kuomba. Itard alivunjika moyo sana, sababu alitaka neno litoke kabla ya maziwa. Nadhani hapo alikosea. Mtu aliyefundishwa kazi hii siku ya leo angelipokea neno hilo kwa mikono miwili na kujenga juu yake. Na angehesabu zile herufi nne kuwa ni maneno, sababu mtoto anayeomba kwa picha, kwa herufi ao kwa kuonyesha ni mtoto anayesema. Victor alikuwa na namna nyingi za kusema. Akitaka wageni waondoke, aliwaletea kofia zao na fimbo zao, akafungua mlango.

Wakati masomo yalipokuwa magumu, Victor alikasirika. Alitupa herufi, aliuma shuka, alijitupa chini na kukakamaa. Na hapa ndipo palipo na ukurasa mbaya. Itard alijua Victor anaogopa mahali pa juu. Siku moja, mtoto akiwa kwenye hasira, Itard alifungua dirisha la ghorofa ya juu, akamshika kiunoni na kumtoa nje ya dirisha, kichwa kikiangalia mawe chini. Alipomrudisha ndani Victor alikuwa amegeuka rangi, anatetemeka, jasho linamtoka. Akaokota herufi zake. Kisha akalia, na Itard aliandika kwamba hayo machozi alikuwa hajayaona kwake mbele ya siku hiyo.

Itard aliona amefaulu. Mimi nasema alimtisha mtoto, basi. Makelele yalikuwa na sababu, somo lilikuwa limekimbia kuliko mtoto, na yeye mwalimu ndiye aliyeongeza mwendo. Naandika hivi sababu hata kwetu, ukiuliza namna mtoto wa namna hiyo anavyotulizwa, utasikia habari ya kamba, ya pilipili, ya kumnyima chakula siku tatu. Na anayefanya hivyo atakuonyesha kwamba mtoto amenyamaza kweli.

Kuna jaribio lingine Itard alifanya ambalo wasomaji watalipima wenyewe. Alitaka kujua kama Victor anajua haki. Siku Victor alipofanya kazi yake vizuri kabisa, Itard akajifanya amekasirika, akamvuta kwa nguvu kumfungia kwenye kichumba cha giza alichofungiwa akikosa. Siku nyingine Victor alikubali adhabu. Siku hiyo alipigana, akamuuma Itard mkono. Itard alifurahi kuumwa: mtoto alijua tofauti ya adhabu ya haki na ya kuonewa.

Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka wa 1801, ya pili aliiandika mwaka wa 1806, serikali ikaichapisha mwaka uliofuata. Kwenye ile ya pili kuna jambo ambalo kila mwalimu wa primeri atalitambua. Victor alijifunza kusoma neno kitabu, na akionyeshwa neno hilo alikwenda chumba kingine kuleta kitabu. Siku moja Itard alifunga chumba hicho na kumwonyesha neno lile lile, huku vitabu vimejaa mezani. Victor hakuleta hata kimoja. Kwake neno lile lilikuwa jina la kitabu kile kimoja tu. Itard akaelewa kwamba alichofundisha hakijafundishwa bado, akaanza upya, kitabu hiki na kile, kisu hiki na kile. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa watoto wenye usonji hafundishi darasani peke yake. Mtoto akijua kuomba maji kwa mwalimu, lazima afundishwe kuomba maji kwa mama, kwa dada, kisimani, sokoni.

Na kwenye ripoti hiyo hiyo kuna habari ya sahani. Bwana Guérin aliugua akafa. Victor ndiye aliyekuwa akiandaa meza kila siku, na siku hiyo akaweka sahani ya mzee mahali pake kama kawaida. Madame Guérin alipoiona akaanza kulia. Victor alimwangalia, akaitoa ile sahani polepole, akairudisha kabatini, na hakuiweka tena. Huyu ndiye mtoto ambaye wakubwa wa Paris walisema hana hisia kwa mtu.

Aliwahi pia kutoroka Paris, akakamatwa na askari na kuwekwa gerezani siku kadhaa mpaka Madame Guérin alipokuja kumtambua. Alipomwona alibadilika rangi na kuzimia. Alipozinduka, furaha yake ilikuwa wazi mbele ya kila mtu.

Baada ya miaka karibu mitano Itard alisimamisha kazi. Victor alijua kusoma maneno mengi, kuandika kwa kufuatisha, kukata kuni, kuandaa meza, kuishi na watu. Lakini hakusema, na Itard alikuwa amejiwekea kusema kuwa ndiyo alama ya kufaulu. Serikali ikatoa franka 150 kwa mwaka kwa Madame Guérin ili aendelee kumtunza. Mwaka wa 1811 wakahamia nyumba ndogo karibu na shule, na hapo Victor akaishi mpaka kifo chake mwaka wa 1828, akiwa na miaka karibu arobaini. Kwa miaka hiyo yote kumi na saba hakuna ripoti. Mwaka wa 1970 Mfaransa François Truffaut alitengeneza filamu juu ya habari hii na yeye mwenyewe akacheza nafasi ya Itard. Filamu inaishia kijana akirudi nyumbani baada ya kutoroka, mwalimu akingoja kuendelea na masomo. Mtu akiiona hatajua kwamba masomo yalikuja kuachwa.

Itard aliendelea kupanda. Alikuwa mtaalam wa masikio, na kitabu chake cha mwaka wa 1821 juu ya magonjwa ya masikio kilisomwa sana. Mwaka wa 1825 alieleza habari ya mama mmoja aliyetokwa na maneno na mishtuko bila kutaka, ugonjwa ambao leo unaitwa Tourette. Lakini kwa viziwi wa shule yake alifanya mambo magumu kusoma. Alijaribu umeme masikioni mwao, alijaribu ruba, alitoboa ngoma za masikio, yote kutafuta kuwarudishia kusikia, na hakufaulu. Ilimchukua miaka mingi sana kukubali kwamba watoto hao walikuwa tayari na lugha yao ya mikono na kwamba inafaa wafundishwe kwayo. Alikubali mwishoni, na alipokufa tarehe 5 Julai 1838 aliachia shule hiyo sehemu ya mali yake kwa ajili ya masomo yao. Hakuoa, hakuacha mtoto.

Aliacha mwanafunzi. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa, aliletewa mtoto mwingine ambaye watu walisema hafundishiki. Hakuwa tena na nguvu, akampa kazi kijana Édouard Séguin na kumwongoza namna ya kufanya. Hapo ndipo kazi ya mtu mmoja ilipogeuka kazi ya kufundishana. Séguin alifungua shule Paris, akaandika namna ya kufanya hatua kwa hatua, na karibu mwaka wa 1850 akahamia Marekani, ambako alisaidia kujenga shule nyingi za watoto hao. Alikufa New York mwaka wa 1880.

Miaka ishirini hivi baadaye, daktari mwanamke kijana wa Roma, Maria Montessori, aliona watoto waliofungiwa pamoja na wagonjwa wa akili, hawana kitu cha kushika mikononi. Akatafuta nani aliyewahi kufundisha watoto wa namna hiyo, akawapata Itard na Séguin. Alitafsiri vitabu vyao kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono wake ili, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, apime uzito wa kila neno. Mwaka wa 1900 akawa kiongozi wa shule mpya mjini Roma ambayo kazi yake ilikuwa kufundisha waalimu wa watoto wenye shida ya akili, na darasa la watoto likiwa ndani yake, ili mwalimu ajifunze kwa kuona. Shule za Montessori zilizoko leo Tanzania, Kenya na kwingine zimetoka kwenye mzizi huo. Zile herufi za kukata ambazo mtoto anazigusa kwa kidole ni ndugu za herufi alizobeba Victor mfukoni.

Hapa kwetu mwalimu wa primeri ana darasa lililojaa, zaidi tangu masomo ya primeri yafanywe bure mwaka wa 2019, na mzazi wa Kilembwe akitaka mtu aliyesomea kazi hii itabidi atafute mbali, kwa barabara tunazozijua. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu inataka masomo yawe na nafasi kwa watoto hao, lakini sheria haileti mwalimu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, limetengeneza mafundisho ya wazazi na walezi wenyewe, ambayo yamejaribiwa Ethiopia na Kenya. Anayeyatoa si lazima awe daktari. Anafundishwa, kisha anafundisha kikundi cha wazazi, na anawatembelea nyumbani: kucheza na mtoto kwa kufuata anachopenda, kutumia kazi za nyumbani kama somo, kutafuta sababu ya makelele kabla ya kuyazuia, na kupongeza mara moja kila hatua ndogo. Mengi ya hayo Madame Guérin aliyafanya jikoni kwake bila kufundishwa na mtu.

Wazazi na waalimu wa Kilembwe na vijiji vya jirani wenye mtoto wa namna hii wanaweza kupita redioni, ao kutuma swali kupitia waandishi wetu walioko kwenye vijiji. Jina la mtoto halitasomwa hewani. Tunakusanya maswali ili tuyapeleke kwa waganga wa hospitali, nao watayajibu kwenye kipindi cha afya.